Mnatualika kushuhudia ndoa, halafu hatusikii hata neno moja!

Wakuu, hili limenikera muda mrefu na leo nalitoa. Unaalikwa ukashuhudie watu wakifunga ndoa. Unafika mapema, unakaa safu ya nane, na wakati wa viapo unaona midomo inacheza tu. Walio mbele wanafuta machozi, walio nyuma wanaulizana, "Kasemaje?" Shahidi gani huyo asiyesikia kiapo chenyewe?

Kinachoniuma ni kwamba mitambo ipo! Subirini sherehe ianze, DJ ataifungulia mpaka mshindwe kuongea na mliokaa nao meza moja. Maua yamejadiliwa miezi na miezi, lakini kipaza sauti kinakumbukwa siku yenyewe, tena betri inakata katikati ya "nakubali".

Na msiniambie wataongeza sauti tu. Mtu anayekula kiapo hanadi bidhaa, anaongea huku anatetemeka. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inashuka kwa takriban desibeli 6. Hapo bado upepo, bado jenereta lililotegwa nyuma ya viti vya wageni, bado maharusi waliotupa mgongo na mpiga picha aliyesimama katikati yao na sisi. Ukumbini nako wanajaribu mitambo viti vikiwa vitupu, wanaridhika, wanaondoka. Watu wakijaa, miili na nguo zao zinameza sauti, na spika yenyewe imewekwa sakafuni inahubiria magoti ya safu ya kwanza!

Dawa yake wala si kubwa. Bwana harusi abanwe kipaza sauti kidogo cha nguoni, sentimita 15 hadi 20 hivi chini ya kidevu. Bibi harusi akisimama karibu naye, sauti yake nayo itanaswa. Kama ni nje, kivikwe sponji ya kuzuia upepo. Spika zipandishwe kwenye stendi, zipite vichwa vya waliokaa, na zisogezwe upande wa wageni. Zikikaa nyuma ya kipaza sauti, kinanasa sauti inayotoka humo humo, ndio ule mluzi unaotufanya tuzibe masikio. Betri mpya, jamani, betri mpya! Na siku ya mazoezi mtu akae kiti cha mwisho kabisa, aseme kama anasikia.

Wazee ndio wananisikitisha zaidi. Bibi aliyemlea bwana harusi, masikio yameshachoka, anakalishwa pembeni kwa sababu mbele kuna meza ya mapambo. Anarudi nyumbani bila kusikia mjukuu wake akiahidi chochote. Mnaona sawa?

Mnaopanga harusi sasa hivi, nijibuni hapa: nani mmemkabidhi sauti ya viapo? Sisemi muziki wa sherehe. Viapo. Jina la mtu na kazi yake, kama mlivyomteua wa mapambo.