Zanzibar wamechezewa CHAN, sisi Mombasa twatazama mabati

Assalaam alaykum wapenzi wa mpira, na wengine nyote habari zenu. Jambo hili ninalo rohoni tangu Ijumaa ile ya tarehe 22 Agosti 2025. Nilidhani nikilala mara mbili tatu litapoa. Halikupoa. Leo naliweka hapa, atakayeudhika na audhike.

Mimi ni mtu wa Likoni. CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ilipoanza nilimwahidi mwanangu, ana miaka 12, kwamba Harambee Stars, timu yetu ya taifa, wakivuka makundi nitampeleka uwanja wa Kasarani, Nairobi, akawaone kwa macho yake. Sikudhani nitadaiwa ahadi hiyo, niseme kweli. Kundi lilikuwa na Morocco, Kongo ya Kinshasa, Angola na Zambia, nani angetupa nafasi? Wakawafunga Kongo 1-0. Wakatoka sare na Angola. Wakawafunga Morocco 1-0 wakiwa watu kumi kipindi chote cha pili, na mtaani kwetu usiku ule watu walitoka nje kama mkesha wa Idi. Wakamalizia na Zambia, 1-0 tena. Ahadi ni deni, nikaanza kutafuta tiketi.

Tiketi zilikuwa za simu peke yake. Baada ya fujo za mageti kwenye mechi za mwanzo, CAF, shirikisho la soka Afrika, walipunguza watu Kasarani hadi 27,000 na wakakataza karatasi. Sipingi, zile fujo zilikuwa aibu. Nikalipia tiketi mbili kwa simu. Meseji ya kutolewa pesa ilikuja papo hapo. Tiketi haikuja. Nikapiga, nikaambiwa mfumo umezidiwa, subiri. Nikapiga tena usiku, nikaambiwa subiri. Alhamisi jioni tukapanda basi Mwembe Tayari, mimi na mtoto na mkoba wa mahamri aliotufungia mamake, kwa imani kwamba tiketi itatukuta njiani. Karibu kilomita 500, usiku kucha. Kila baada ya nusu saa mtoto aniuliza, "Imeingia?"

Haikuingia. Getini askari aliitazama simu yangu akanirudishia kwa adabu kabisa. "Mzee, hii ni risiti ya pesa, si tiketi." Mtoto amevaa jezi, bendera amejifunga shingoni, anamtazama askari kisha ananitazama mimi. Sitaki mzazi yeyote atazamwe vile.

Mechi tuliiona Roysambu, kwenye kibanda cha chakula, tumesimama nyuma ya kreti za soda. Beki wetu Omija alipofunga kwa kichwa mtoto alinirukia mgongoni. Madagascar wakasawazisha kwa penalti, ikaenda hadi matuta, tukatolewa 4-3. Kupoteza kwa matuta hakuniumizi, huo ni mpira. Vijana walicheza wakamaliza pumzi zao na kocha McCarthy amewapa moyo ambao sijauona kwa Stars tangu Afcon ya Misri 2019, tulipowafunga Tanzania 3-2. Kilichoniumiza ni swali. Basi limesimama Mtito Andei saa nane usiku, watu wanakunywa chai, mtoto aniuliza, "Baba, kwani Stars hawawezi kuja kucheza kwetu?"

Haya wakubwa, mjibuni. Mimi nilikosa la kumwambia.

Nimwambie nini? Nimwambie mji wa pili kwa ukubwa katika nchi hii, mji wenye bandari inayolisha Uganda, Rwanda na Kongo, hauna uwanja mmoja wa kuchezewa mechi ya taifa? Uwanja wa Manispaa ulifungwa enzi za gavana wa kwanza, tukaambiwa watarudisha uwanja wa kisasa, viti, taa, kila kitu. Michoro ilizungushwa kwenye simu mpaka tukaijua kwa moyo. Gavana yule akamaliza mihula yake miwili. Akaja wa pili. Kila bajeti watuambia bado kidogo. Mimi nimefunga goli pale nikiwa na miaka 17, katika mechi ya shule, na siku hizi nikipita huwa natazama upande mwingine.

Na msiniambie hakuna pesa au kwamba visiwa na mwambao hatuwezi kubeba mashindano makubwa. Zanzibar ni nini? Si watu wetu hao, bahari moja, upepo mmoja, lugha moja? Wamekarabati uwanja wa Amaan wakamaliza. Mwezi Mei 2025 fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na Berkane wa Morocco, mechi ya marudiano ilichezwa pale Amaan. Fainali ya Afrika! Dar es Salaam, pamoja na ukubwa wake, ndiyo iliyovuka maji kwenda kucheza Unguja. Na CHAN hii hii, karibu kundi zima la Senegal, Nigeria, Sudan na Kongo Brazzaville lilichezwa pale. Wana Amaan ya watu 15,000, haina makuu, lakini ina nyasi, ina taa na ina wenyewe wanaoijali. Sisi tuna michoro.

Kenya yote, hakuna mechi hata moja ya CHAN iliyotoka nje ya Nairobi. Afcon 2027 yaja, nchi tatu tunaandaa, na viwanja vinavyotajwa upande wetu ni Kasarani, Nyayo na huo mpya wa Talanta wa watu 60,000. Vyote viko mji mmoja. Siwaonei wivu watu wa Nairobi, wajengewe hata kumi. Lakini nchi hii ikisema "uwanja wa nyumbani" inakuwa na maana ya nyumbani kwa nani? Maana Juni 2024 Stars walipokosa uwanja uliokubalika walikwenda kucheza "nyumbani" Lilongwe, Malawi. Burundi na Ivory Coast tuliwakaribisha Malawi, jamani. Timu ya taifa yafika Lilongwe, Mombasa haifiki.

Sasa klabu. Nyinyi mnaonijua mnajua mimi ni shabiki wa Bandari, klabu yetu ya Mombasa, tangu jina halijawa kubwa. Nikitoka Likoni navuka na feri, nakamata tuktuk hadi uwanja wetu wa Mbaraki, nakaa upande ule ule na watu wale wale. Wakumbukeni Bandari wa 2019. Januari tulikwenda Dar tukamfunga Simba 2-1, kwao, mbele ya watu wao. Ligi tukamaliza wa pili nyuma ya Gor Mahia, kama tulivyomaliza mwaka uliotangulia. Juni tukabeba kombe la Shield. Kocha Mwalala alikuwa na timu ambayo ikipiga pasi tano mfululizo unaona raha kuwa mtu wa Pwani. Tukaingia Kombe la Shirikisho Afrika, tukamtoa Ben Guerdane wa Tunisia. Watunisia! Tulimpiga 2-0 mechi ya kwanza.

Wapi? Kasarani.

Mechi kubwa kuliko zote katika maisha ya klabu yetu, na wazee waliokaa Mbaraki miaka yote wakiloa mvua waliisikiliza redioni, kwa sababu Mombasa hakukuwa na uwanja wa kumpokea mgeni wa Afrika. Jirani yangu, mpakiaji mizigo mstaafu, alikuwa mgonjwa wakati ule. Alinituma nimwandikie majina ya waliocheza kwenye karatasi, akaiweka chini ya mto. Hakuwahi kuiona Bandari ikicheza mechi ya Afrika na hataiona tena, Mungu amrehemu. Miaka sita imepita. Ikitokea msimu huu tupate tiketi ya Afrika, tutapanda basi vilevile.

Vijana wa leo hawajui kwamba ligi ya nchi hii ilipoanza 1963, mwaka wa tatu tu, 1965, kombe lilikuja Mombasa. Klabu ya Feisal. Baba yangu alikuwa akimtaja mchezaji Ali Kajo mpaka chakula kinapoa. Tangu mwaka ule kombe la ligi halijarudi Pwani. Miaka 60! Na msimu wa 2024/25, Ligi Kuu nzima, timu ya Pwani ni hiyo Bandari peke yake. Kaunti sita, timu moja.

Mtu ataniambia vijana wa siku hizi hawana bidii. Njoo nikuonyeshe. Mtaani kwetu tulikuwa na kiwanja. Hakikuwa na nyasi za maana, upande mmoja mchanga, upande mmoja mawe, lakini kilikuwa chetu tangu sijazaliwa. Ligi za Ramadhani tulizicheza pale baada ya tarawehe, kwa taa za kuazima. Tulichanga tukamlipa fundi akatuchomea milingoti ya chuma, nzito, wanaume sita ndio waliiinua. Asubuhi moja mwaka juzi tukaamka, mabati pande zote nne. Mwenye mabati hatumjui mpaka leo. Tukienda ofisi hii twaambiwa nendeni ile, ile yaturudisha hii, twapigwa danadana. Wiki ya pili milingoti ikakatwa, ikaenda kwa chuma chakavu. Niliuona mlingoti mmoja juu ya mkokoteni na rangi yetu nyeupe bado iko juu yake.

Watoto sasa wafanya mazoezi ufuoni Shelly. Basi nawaambia hili hamlijui nyinyi wa mbali: mazoezi ya watoto wetu yapangwa na bahari. Maji yakipwa wanacheza, yakijaa wanarudi nyumbani. Kwa sababu maji hujisogeza karibu saa moja kila siku, ratiba nayo yasogea. Leo saa tisa, kesho karibu saa kumi, kesho kutwa karibu saa kumi na moja, siku chache mbele magharibi imeshaingia. Siku za bamvua, maji makubwa, saa kumi jioni maji yako ukutani kabisa, hakuna hata pa kuweka kiatu kuwa goli. Sasa hivi ni kusi, mawimbi makali, mpira ukitoka kuna kazi ya kuufuata. Kocha wao, kijana wa bodaboda asiyelipwa hata senti, amebandika ratiba ya maji kupwa na kujaa mlangoni kwake badala ya ratiba ya mechi. Halafu mtu akae ofisini aseme Pwani haitoi wachezaji?

Na sisi mashabiki pia mbona hatujisemi? Hii miezi ambayo ligi zimelala, Juni mpaka Agosti, nimekaa maskani jioni nyingi. Watu wajua Arsenal yamnunua nani, kwa pauni ngapi, na vipimo vya afya vitafanyika lini. Uliza Bandari imemsajili nani, kimya. Uliza nani aliyeitwa Stars kutoka huku kwetu, kimya. Wale wale wanaopiga kelele ya Manchester hawajalipa kiingilio Mbaraki tangu kabla ya korona. Wakubwa wakiona viti vitupu watatujengea kwa ajili ya nani? Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu ni ndugu zangu, na wengine nimekula nao sahani moja. Lakini mtu aliyefungiwa mlango miaka yote hii, siku moja huzoea kukaa nje. Huko ndiko walikotufikisha.

Nataka mambo haya na nayataka wazi. Tarehe ya Uwanja wa Manispaa kufunguliwa, imeandikwa, na jina la mtu wa kuulizwa tarehe ikipita. Viwanja vya mitaani vilivyobaki vipimwe na vipewe hati kabla ya mabati kufika. Na Stars, hata mechi ya kirafiki, hata na Comoro, waletwe huku siku moja. Mtuwekee nyasi na ukuta, watu tutajaza wenyewe.

Msimu mpya waanza. Mimi nitakuwa Mbaraki mechi ya kwanza ya nyumbani, na mtoto nitakuja naye, jezi ile ile.

Jambo la mwisho, na hili ni kwa wale waliokatwa pesa za tiketi ya mechi ya Madagascar wakaachwa getini. Najua si mimi peke yangu, pale nje tulikuwa wengi, na kuna mama mmoja alitoka Malindi. Andikeni hapa chini siku na saa mliyolipa, na meseji msizifute. Yangu ni Jumatano tarehe 20, saa nne na robo asubuhi, tiketi mbili. Tukifika watu ishirini napeleka orodha mimi mwenyewe.