Naomba ushauri: jiwe la mpaka la zamani nyuma ya nyumba tunayotaka kununua

Habari zenu wakuu. Naishi kusini mwa Pennsylvania, Marekani. Uzio wa nyumba tunayotaka kununua unapita pembeni kabisa ya jiwe la mpaka wa Mason na Dixon, wale wapima ardhi waliofanya kazi hapa 1763 hadi 1767 kumaliza ugomvi wa mpaka kati ya familia ya Penn (wamiliki wa Pennsylvania) na ya Calvert (wamiliki wa Maryland, jimbo jirani), enzi za ukoloni wa Mwingereza. Mawe yalichongwa Uingereza, yakaja kwa meli, yakasimikwa kila maili. Kila la tano lina nembo za familia zote mbili. Hili ni la kawaida tu: P upande wetu, M upande wa Maryland, ila hiyo M imelika, mpaka uipapase kwa kidole ndiyo uione. Limeinama na kuota ukungu wa kijani.

Mwenye nyumba anataka kulimwagia zege chini na kulisugua kwa dawa ya madoa. Mimi naona ni uharibifu mtupu, jiwe la chokaa ni laini. Nianzie kwa nani: mwanasheria, mpima ardhi, au ofisi ya urithi ya jimbo? Na aliyewahi kununua kiwanja chenye kitu kama hiki, mkataba mliuandikaje?