Kura tatu za 1958: busara au tulinywea?

Korosho Ghafi: Wakuu shikamooni. Januari 1958 pale Tabora TANU, chama kilichokuwa kinadai uhuru wa Tanganyika toka kwa Mwingereza, walikubali kuingia uchaguzi wa kura tatu, yaani ukifika kituoni lazima uchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, ukiruka mmoja kura imeharibika. Majimbo kumi, viti 30, kila rangi kumi kumi, wakati sisi mamilioni na wao kiganja tu. Wanauita Uamuzi wa Busara. Mi naona tulinywea.

Mikindani Juu: Kijana, wangesusa hivyo viti UTP, chama kilichobebwa na serikali ya mkoloni, wangevibeba bure, na gavana ndo alichokuwa anaomba. Zuberi Mtemvu wa TANU alikataa akatoka akaanzisha chama chake, ANC, 1962 kasimama na Nyerere kwenye urais kaambulia kura elfu ishirini na kitu nchi nzima.

Korosho Ghafi: Kijana nani? Nina wajukuu wanne.

Lindi Kwetu: Mtemvu alikuwa na hoja bwana. Babu yangu ana minazi hadi baharini lakini hakupiga kura, maana walitaka darasa la nane au kipato cha shilingi sijui elfu ngapi. Karani kaja juzi ndo anapiga! Na hapa ni Lindi, mji, sisemi huko Mtwara walikokuwa wanafukuza nguruwe.

Mikindani Juu: Kipato ni pauni 150 kwa mwaka. Halafu hao nguruwe wa kwetu Mtwara ndo waliojenga bandari ya kina kirefu? Nyie mlibaki na majahazi.

Lindi Kwetu: Bandari ya karanga za ule mradi wa Waingereza, ambazo hazikuota 😂 Na reli yenu ikang'olewa.

Mama Masasi: Jamani turudi kwenye mada. Yale mapatano hayakudumu hata miaka miwili, 1960 viti 71, hamsini wazi kwa yeyote, Waasia 11, Wazungu 10, TANU wakazoa 70. Mlango wenyewe ulifunguliwa Tabora.

Korosho Ghafi: Mama nakuheshimu, ila mlango ukishafunguliwa na aliyekufungia ndani unamshukuru?

Mikindani Juu: Reli ilikuwa inapita kwenu pia, Nachingwea ni mkoa gani?

Lindi Kwetu: Nachingwea ilikuja mkoa wa Lindi 1971, kipindi cha reli wote tulikuwa jimbo moja la Kusini, usinitwishe mataruma yako.

Mama Masasi: Haya, mi naenda kuchemsha ming'oko, viazi pori vyetu vya Kusini.

Mikindani Juu: Tubakizie mama. Huyu wa Lindi asipewe.