Naomba kanuni ya "affect" na "effect", nimekwama

Mtafiti Mchovu: Wakuu habari. Naomba mnisaidie kutofautisha "affect" na "effect". Kila nikisoma maelezo nachanganyikiwa zaidi. Nahitaji kanuni fupi, leo hii kama inawezekana.

Kalamu Nyekundu: "Affect" ni kitenzi, kuathiri. "Effect" ni nomino, athari. Jaribu kutia "the" mbele yake. Ikikubali, andika "effect". Kuna mahali pachache ambapo "effect" nayo huwa kitenzi, kwa maana ya kuleta au kutekeleza: "to effect change" ni kuyaleta mabadiliko yenyewe.

Bibi Sarufi: Kinachoharibu maandishi ya wengi ni "its" na "it's". Ukiweza kusoma "it is" au "it has" na sentensi ikasimama, tia ritifaa, yaani alama ya ('). Isiposimama, iondoe. "His", "hers" na "ours" hazina ritifaa, na "its" ni ya ukoo huohuo. Vijana mnaiachia mashine kila kitu, na mashine haisomi maana. Someni kwa sauti, wanangu.

Nukta Mkato: Shikamoo Bibi. Niongeze "practice" na "practise". Uingereza nomino ina c na kitenzi kina s, vivyo hivyo "licence" na "license". Marekani wanaandika "practice" na "license" pote. Ukikwama, kumbuka "advice" na "advise", maana hapo sikio linapata s na z waziwazi.

Jicho Pevu: Mtafiti, haraka ya nini? Unaandika kitu gani?

Mtafiti Mchovu: Tasnifu.

Jicho Pevu: Na neno lenyewe liko ukurasa gani?

Mtafiti Mchovu: Kwenye jalada. Faili liko kwa fundi wa majalada tangu asubuhi. Kichwa ni PRINCIPLE FACTORS EFFECTING STUDENTS ACCOMODATION. Ila "effecting" imo kwenye kamusi, kwa hiyo nafikiria kuiacha. Ndani nimeshabadilisha kila "effect" kuwa "affect" kwa mkupuo mmoja, ili nisibaki na shaka.

Kalamu Nyekundu: Mpigie fundi asimamishe kazi, kisha uendelee kusoma. Hapo kuna makosa manne. "Principle" ni kanuni au msimamo. "Kuu" ni "principal". "Effecting" kuwemo kwenye kamusi hakukusaidii, kwa sababu ulichoandika kinasema mambo yanayoyaleta makazi, wakati utafiti wako ni wa mambo yanayoyaathiri. "Students" inadai ritifaa baada ya s, kwa kuwa wanafunzi ni wengi. Na "accommodation" ina c mbili na m mbili.

Ule mkupuo ndio unaonitisha zaidi. "Effective" sasa imekuwa "affective", neno halali linalohusu hisia, kwa hiyo hakuna mstari mwekundu utakaokuonya. Nukuu za watu na majina ya makala kwenye marejeo nayo yamebadilika, na hayo huna ruhusa ya kuyagusa.

Tai wa Mlimani: Mimi siamini. Uzi huu umetungwa. Word ingepiga mstari mwekundu chini ya ACCOMODATION siku ya kwanza kabisa. Mtu wa tasnifu asiuone?

Jicho Pevu: Asingeuona, mkuu. Word, chaguo la kupuuza herufi kubwa likiwa limewashwa, huruka maneno yaliyoandikwa yote kwa herufi kubwa, na vichwa vya majalada huandikwa hivyohivyo. Ingia kwenye mipangilio ya ukaguzi wa tahajia, uondoe alama kwenye chaguo la kupuuza herufi kubwa. Na PRINCIPLE isingepigwa mstari mwekundu hata kwa herufi ndogo, kwa sababu tahajia yake ni sahihi.

Tai wa Mlimani: Nimejaribu sasa hivi. Kweli, imeruka. Samahani Mtafiti.

Mtafiti Mchovu: Fundi hajaligonga bado. Ila hati nilishaifunga, siwezi kurudisha nyuma.

Kalamu Nyekundu: Una nakala ya kabla ya mkupuo? Hata uliyomtumia msimamizi kwa barua pepe inafaa. Ifungue hiyo, na kama umeandika mapya tangu hapo, tumia zana ya kulinganisha hati mbili uyaone. Kisha Ctrl+H (tafuta na ubadilishe), weka alama kwenye chaguo la neno zima, na uende moja baada ya jingine. Kitufe cha kubadilisha zote usikiguse. Tafuta "effect", "effects", "effected" na "effecting" kila moja peke yake, halafu "principle".

Mtafiti Mchovu: Ninayo ya wiki iliyopita. Kichwa kipya: PRINCIPAL FACTORS AFFECTING STUDENTS' ACCOMMODATION. Kiko sawa?

Bibi Sarufi: Kiko sawa, mwanangu. Mtumie fundi kwa maandishi, usimtajie kwenye simu. Na kichwa hichohicho kinakaa pia kwenye mgongo wa kitabu, ukurasa wa kwanza wa ndani, ukurasa wa tamko na ikisiri. Rekebisha pote.