Naomba ushauri: Lushoto, Uluguru au Udzungwa kwa siku tatu?

Wadau, habari za kazi. Mimi na mke wangu, pamoja na binti yetu wa miaka kumi, tunataka kutoka Dar mwezi wa saba, Ijumaa hadi Jumapili, tukatembee milimani kwa miguu. Hatuna gari.

Moyo wangu uko Lushoto. Nataka binti asimame pale kwenye genge la Irente aone nyika ya Wamaasai ilivyotandazwa chini, halafu tuingie msitu wa Magamba na mtu wa kutuongoza. Tatizo ni safari: basi hadi Mombo, kisha ile barabara ya kona kwa kona kupandisha. Mtoto hutapika garini, na siku nzima ya kwanza itaishia njiani. Halafu Julai kule baridi ni ya kweli.

Morogoro ni rahisi zaidi, treni ya SGR inatufikisha mapema na mchana huohuo tunaweza kuanza kupanda Uluguru kuelekea Morningside. Mke wangu anavutwa na Udzungwa kwa sababu ya maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa zaidi ya mita 170, ila kutoka Morogoro hadi Mang'ula, kwenye lango la hifadhi ya Udzungwa, bado ni mwendo, na kuna kiingilio cha hifadhi.

Waliopanda Sanje na watoto, njia inapitika kwa mtoto wa umri huo? Na Lushoto kwa siku tatu inatosha, au tusubiri likizo ndefu? Nyumba za wageni safi, za bei ya kawaida, nitashukuru mkinielekeza.