Magodauni ya zamani Dar: kuita kijiko au kuyapa kazi mpya?

Mpita Njia: Wakuu, nalileta hili kwenu. Pita Barabara ya Nyerere, ile wazee wanayoiita bado Pugu Road, uone magodauni na viwanda vilivyofungwa. Mwenye kiwanja akipata pesa, wazo la kwanza ni kuita kijiko kibomoe. Mimi napinga.

Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye joto la nyuzi kama 1,450, na hata ungepata moto usio na moshi, jiwe lenyewe bado linatoa hewa ya ukaa, ile inayoipasha dunia joto. Saruji peke yake hubeba takribani asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na binadamu. Hewa ya ukaa ya godauni lililojengwa enzi za uhuru ilishatoka zamani. Ukilibomoa ujenge upya, unaitoa mara ya pili, na kifusi unakitafutia bonde la kukimwaga.

Cape Town kuna ghala la nafaka la bandarini lililokamilika 1924, likaacha kazi 2001. Matanki yake 42 ya zege hayakuangushwa. Timu ya mbunifu Mwingereza Thomas Heatherwick iliyachonga kwa ndani, na tangu 2017 ni jumba la sanaa, Zeitz MOCAA.

Fundi Paa: Cape Town wana hela na watalii, mkuu. Huku paa ni asbestosi, zile karatasi ngumu za kuezekea zenye nyuzi ambazo vumbi lake huharibu mapafu. Nikiwa kijana nilishusha moja, hatukupewa hata barakoa. Bosi alitununulia maziwa, eti yanasafisha kifua! Saratani ya vumbi hilo inaweza kukungoja miaka 30. Na mafuta machafu yaliyonywewa na ardhi chini ya karakana, utayafanyaje?

Mpita Njia: Hapo kaka umenibana, pole sana. Lakini kijiko hakiiondoi asbestosi, kinaipeperusha mtaa mzima. Ukarabati uwe, ubomoaji uwe, lazima karatasi za asbestosi zishushwe nzima, zikiwa zimeloweshwa, zifungwe vizuri. Gharama hiyo huikwepi kwa kubomoa. Na ardhi yenye mafuta inabaki na mafuta hata ukijenga ghorofa juu yake.

Bi Chang'ombe: Na joto? Nimefanya kazi ndani ya godauni la bati, saa nane mchana unaoga jasho. Mkiweka ofisi mtafunga AC kumi. Umeme huo umeuhesabu?

Mpita Njia: Dada, sikuuhesabu. Ila godauni lina kimo, na hewa ya moto hupanda. Toboa matundu juu kwenye kipaa, weka dari, acha upepo upite, AC zitapungua. Nakubali pia kwamba godauni la vyuma na bati tupu halina zege la kuokoa. Hilo lifunguliwe nati, likasimamishwe kwingine.

Fundi Paa: Sawa, tumeelewana nusu. Sasa niambie, mwenye godauni akiuza, asbestosi inashushwa kwa pesa za nani, muuzaji au mnunuzi? Maana mpaka leo naona anayelipa ni kibarua, kwa mapafu yake.