Nitajuaje kama mpango wa kumrekebisha mwanafunzi unafanya kazi?

Mwl_Kasese: Habari za kazi walimu. Kuna mtoto wa P.5 (darasa la tano la msingi, hapa Uganda) anayeinuka ovyo darasani na kupiga wenzake. Darasa lina watoto 90. Wiki iliyopita alihamishiwa dawati la mbele, akapewa kadi ya kusainiwa kila kipindi cha Hisabati. Mkuu wa shule anataka kuona maendeleo kabla ya muhula kuisha. Nipime nini huku nafundisha?

ChakiBwera: "Utundu" hauhesabiki, mwalimu. Andika kitendo: ameacha benchi bila ruhusa. Tia punje 20 za mahindi mfuko wa kulia. Kila akiinuka, hamishia moja kushoto. Kengele ikilia, andika idadi pamoja na dakika za kipindi. Hizo dakika ndizo zinazosahaulika! Mara 12 kwa dakika 40 ni 0.3 kwa dakika. Mara 9 katika kipindi kilichokatwa na mvua dakika ya 25 ni 0.36. Ukitazama idadi tupu utadhani ametulia, kumbe amezidi. Kupiga kuhesabiwe siku nzima, na mapumziko yakiwemo. Mwalimu wa zamu akusaidie.

Mama_Shule: Mbona mmeanza bila namba za kabla? Sasa mtalinganisha na nini? Bado kuna njia: kadi ibaki Hisabati kwanza. Kwenye SST (somo la maarifa ya jamii) hesabu siku 5 bila kadi, kisha ndipo uipeleke huko. Akishuka SST baada ya kadi kufika, na siyo kabla, hapo una ushahidi.

ChakiBwera: Sawa kabisa. Mara moja kwa wiki mwenzako naye ahesabu, bila kuangaliana. Gawa ndogo kwa kubwa: 8 kwa 10 ni asilimia 80, inatosha. Chini ya hapo, maelezo ya kitendo yana utata.

Mama_Shule: Siku 4 mfululizo akizidi kiwango mlichojiwekea kama lengo, badilisheni mpango. Ila kwanza kagua kadi: kama vipindi 2 tu kati ya 5 ndivyo vimesainiwa, mpango haujashindwa, haujafanyika. Na fimbo isiingie kati. Sheria ya watoto ya Uganda, iliyorekebishwa 2016, imeipiga marufuku shuleni, na tena hutajua kilichomtuliza ni kadi au woga.

Mwl_Kasese: Asanteni. Na siku asipokuja shule?

ChakiBwera: Acha pengo. Sifuri ni ya siku aliyokuja akakaa.